Leo ni Siku ya Nini? Namna ya kuandaa ubao wa "Siku Kama ya Leo" huku kusini

Kila tarehe 23 Novemba Wamarekani wana siku yao ya korosho. Tarehe hiyo huku kwetu msimu umepamba moto: magunia yamepangwa maghalani kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa na Nachingwea, vyama vikuu vinaita wanunuzi mnadani, na mkulima anapita chama cha msingi kuulizia fedha yake. Tarehe hiyo hiyo mwaka 2021, mkutano mkuu wa UNESCO ulipitisha kwamba 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Mtoto wa darasa la sita kule Kitangari akiyakuta mambo haya mawili ubaoni asubuhi, anaona kwamba kazi ya baba yake na lugha anayoiongea zote zimo kwenye kalenda ya dunia. Kitabu cha kiada hakimpi hilo.

Ubao wa "Siku Kama ya Leo" ni ubao mdogo wa kubandika kadi zinazobadilishwa kila siku. Unasema leo ni siku ya nini, nani maarufu alizaliwa leo, na sisi wa Mtwara na Lindi inatuhusu vipi. Ukiandaliwa ovyo unageuka orodha ya majina ya wageni ambayo hakuna anayeisoma. Hatua hizi nimeziandika nikiwafikiria walimu na viongozi wa klabu za shule, lakini wakutubi na watangazaji wa redio za jamii nao watazitumia bila shida.

Hatua ya kwanza: jaza tarehe zetu kabla ya kufungua simu

Nunua kaunta buku la kwaya nne. Lina kurasa 384, kwa hiyo siku zote 366 zinapata ukurasa mmoja mmoja na zinabaki chache nyuma kwa kumbukumbu. Andika tarehe juu ya kila ukurasa bila kuandika mwaka, na 29 Februari iwemo.

Anza na sikukuu za taifa: Mapinduzi 12 Januari, Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Nyerere 14 Oktoba, Uhuru 9 Desemba. Fuatisha siku za kuzaliwa za marais wetu. Mwalimu Nyerere ni 13 Aprili 1922, Mzee Mwinyi 8 Mei 1925, Mkapa 12 Novemba 1938, Kikwete 7 Oktoba 1950, Magufuli 29 Oktoba 1959, Samia Suluhu Hassan 27 Januari 1960. Kisha watu wa kusini. Mkapa wa Lupaso, Masasi, tayari yumo. Kassim Majaliwa wa Ruangwa, mwalimu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, alizaliwa 22 Desemba. Harmonize, mzaliwa wa mkoa wa Mtwara, ni 15 Machi, tarehe ambayo pia ni Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Vijana watasoma jina la msanii kwanza, halafu macho yatateremka kwenye haki yao ya kudai risiti.

Utaratibu huu una sababu. Ukianza na intaneti, kurasa zote zitajaa waigizaji wa Hollywood kabla hujafika Masasi.

Utakutana na mambo makubwa ya kwetu yasiyo na siku maalumu. Mifupa ya dainosaria wa Tendaguru, Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na dainosaria mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Kazi hiyo ilichukua miaka, haina tarehe moja. Usimbunie. Mweke kurasa za nyuma, kisha mtoe siku inayomkubali, kama 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani. Watoto watakuuliza kwa nini yuko Berlin na hayuko Lindi, na hilo ni swali zuri la kipindi kizima.

Idi, Maulidi na Pasaka ziandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, kwa sababu zinahama kila mwaka. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11.

Hatua ya pili: jua nani aliitangaza siku hiyo

Hapa ndipo wengi huteleza. Siku zinazoitwa za kimataifa hazina uzito mmoja, na msomaji wako anastahili kuambiwa ukweli.

Zipo zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa au mashirika yake. Siku ya Choo Duniani, 19 Novemba, watu huicheka wanapoisikia mara ya kwanza. Ilianzishwa mwaka 2001 na shirika moja la Singapore, na mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ukaipitisha. Kwa shule yenye matundu machache ya vyoo, kadi hiyo ni ya maana kuliko nyingi. 26 Julai ni siku ya mikoko, iliyopitishwa na UNESCO mwaka 2015. Wanafunzi wa Msimbati, wanaoishi ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma, waandike kadi hiyo wao wenyewe.

Zipo za mashirika na jumuiya. Paka wana siku yao 8 Agosti, kwa hiyo wakati watu wamefurika viwanja vya Ngongo kwa Nane Nane, kwingineko watu wanasherehekea paka. Punda wana 8 Mei. Nazi ina 2 Septemba, iliyowekwa na nchi za Asia na Pasifiki zinazolima minazi, na mtu wetu yeyote wa Kilwa au Mikindani anaweza kuipokea kama yake.

Na zipo za nchi moja au hata za marafiki wawili. Siku ya kuongea kama maharamia, 19 Septemba, ilianzishwa na Wamarekani wawili mwaka 1995 kwa kujifurahisha, ikaenea.

Zote zinaweza kukaa ubaoni. Sharti ni moja: taja ni ya nani. "Leo Wamarekani wana Siku ya Korosho" ni sentensi ya kweli. "Leo ni Siku ya Korosho Duniani" si kweli, na mtoto ataibeba mpaka kwenye insha ya mtihani.

Angalia pia namna tarehe inavyoandikwa. Wamarekani hutanguliza mwezi. Ndiyo maana 14 Machi wanaiandika 3/14 na kuiita siku ya pai, ile 3.14 ya hisabati. Sisi tunaotanguliza siku hatuioni hesabu hiyo. Lakini tunayo ya kwetu: 22 Julai huandikwa 22/7, na 22/7 ndiyo pai tuliyofundishwa shuleni. Nashauri zote mbili ziwemo, maana UNESCO mwaka 2019 iliifanya 14 Machi kuwa Siku ya Hisabati Duniani, na Albert Einstein alizaliwa tarehe hiyo mwaka 1879. Siku ya Fibonacci, inayotokana na 11/23 kwa sababu mfuatano wa namba wenye jina hilo huanza na 1, 1, 2, 3, iache. Kwa mwandiko wetu haieleweki, na 23 Novemba tayari tuna korosho.

Hatua ya tatu: hakiki siku ya kuzaliwa

Pa kuanzia ni Wikipedia ya Kiswahili. Ina makala kwa kila siku ya mwaka. Ukitafuta "12 Novemba" unapata matukio, waliozaliwa na waliofariki. Kaa siku moja penye mtandao mzuri, nakili mwezi mzima daftarini, uokoe bando. Kisha kila jina unalotaka kulitumia, lifungulie makala yake na ulinganishe na chanzo kingine: ensaiklopidia, tovuti ya taasisi husika, au wasifu uliochapishwa. Vyanzo viwili vinavyonakiliana ni chanzo kimoja. Picha zinazosambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, zenye keki na maandishi ya kumeremeta, usizihesabu.

Tarehe za zamani zinahitaji uangalifu zaidi. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, huadhimishwa 13 Aprili, siku moja na Mwalimu. Alipozaliwa mwaka 1743, makoloni ya Uingereza yalikuwa bado yanatumia kalenda ya zamani, na kwa kalenda hiyo ilikuwa 2 Aprili. Uingereza ilibadili mwaka 1752, ikaruka siku 11: watu walilala 2 Septemba wakaamka 14 Septemba. Isaac Newton naye kwa kalenda ya zamani alizaliwa Krismasi ya 1642, na kwa kalenda ya sasa ni 4 Januari 1643. Ukiona vitabu viwili vinapishana kwa siku 10 au 11 kuhusu Mwingereza wa zamani, usidhani mmoja ameongopa, tazama kalenda.

Kwa kalenda ya Kiislamu mfano wetu mzuri ni Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule. Alizaliwa Tangier tarehe 17 Rajabu mwaka 703 wa Hijria. Ukiibadilisha, vitabu vingine vinakupa 24 Februari 1304, vingine 25, kwa sababu mwezi huandama na siku ya Kiislamu huanza jioni. Mimi ningeandika 17 Rajabu 703 kwa herufi kubwa na Februari 1304 chini yake. Wanafunzi wa madrasa watajivunia kwamba tarehe wanayoifahamu wao ndiyo iliyo sahihi zaidi hapa.

Babu na bibi zetu wengi walihesabu umri kwa njaa, vita au mavuno, na kwenye karatasi wakaandikiwa 1 Januari. Usiwabeze wala usiwabadilishie. Ukitaka kuwaadhimisha pamoja, 1 Januari inafaa, na ina jina kubwa la kuwaongoza: Shaaban Robert, aliyezaliwa 1 Januari 1909.

Hatua ya nne: oanisha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotaka muda. Ukurasa wa siku moja unaweza kuwa na majina hamsini. Chagua mawili, au matatu yakizidi, yanayozungumza.

Nyerere na Jefferson ni marais wawili, inatosha kwa kadi. Lakini 13 Aprili ni siku ya Garry Kasparov pia, bingwa wa sataranji aliyezaliwa Baku mwaka 1963, na Mwalimu alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Mabingwa wa kufikiri hatua za mbele, mmoja kwa kete, mwingine kwa farasi na malkia. Kadi hiyo ikiwekwa kijiweni penye wazee wa bao haiishi maongezi leo wala kesho.

29 Oktoba ni Magufuli na Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia, aliyezaliwa 1938, mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa kwa kura kuwa rais wa nchi. 7 Oktoba ni Kikwete, Askofu Desmond Tutu wa 1931 na Vladimir Putin wa 1952. Watu watatu tofauti kabisa, na ndio utamu wa kuwaweka safu moja bila maoni. 2 Oktoba ni Diamond Platnumz wa 1989 na Mahatma Gandhi wa 1869, na kwa ajili ya Gandhi Umoja wa Mataifa uliifanya Siku ya Kutotumia Vurugu.

8 Mei imejaa baraka. Yupo Mzee Mwinyi. Yupo Henry Dunant, Mswisi aliyezaliwa 1828, mwasisi wa harakati za Msalaba Mwekundu, na siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu Duniani. Na wapo punda, wabeba maji na mizigo wetu.

Ya 22 Desemba shule huwa zimefungwa, kwa hiyo ubao uhamie kijiwe cha kahawa au ofisi ya kijiji. Ni tarehe ya mwalimu Majaliwa, na ni ya Srinivasa Ramanujan, Mhindi wa 1887 aliyejifunza hisabati karibu peke yake hadi akawashangaza wasomi wa Cambridge. Pia 22 Desemba 1938, East London, Afrika Kusini, mtunzaji wa makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer alimwona kwenye mzigo wa wavuvi samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na dainosaria: silikanti. Mwaka 2003 silikanti akanaswa Songo Mnara, Kilwa. Hapo Ruangwa, India na bahari ya Kilwa zimekaa ukurasa mmoja.

Jitayarishe kwa swali la nyota. Mtu atasema waliozaliwa siku moja wana nyota moja. Mjibu kwa hesabu, darasani kwake. Katika watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuchangia siku ya kuzaliwa unazidi nusu, kwa sababu watu 23 wanatoa jozi 253 za kulinganisha. Darasa likiwa na wanafunzi 60, uwezekano unapita asilimia 99. Waambie waandike tarehe zao kwenye vikaratasi na mzipange mezani. Mtazipata jozi, na ubishi utageuka kipindi cha hisabati.

Hatua ya tano: siku zenye msiba ziheshimu

7 Aprili ni kumbukumbu ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972. Ni siku ambayo Rwanda huanza maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994. Ni Siku ya Afya Duniani. Na Jackie Chan alizaliwa siku hiyo, 1954. Jackie Chan asubiri. Karume, Rwanda na afya vinatosha, kwa maneno machache.

27 Januari ni ngumu zaidi, kwa sababu ni siku ya kuzaliwa ya Rais Samia na ya Mozart, 1756, na ni kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, kwani 27 Januari 1945 ndipo kambi ya Auschwitz ilipokombolewa. Bandika kadi mbili zilizotengana, ya kumbukumbu juu, na usitumie maneno ya shangwe kwenye ubao huo siku hiyo.

Hatua ya sita: andika kadi

Kata karatasi ya manila vipande vinne. Kipande kimoja ni kadi moja. Tumia maka peni nyeusi au ya bluu, kwani nyekundu hupauka haraka juani. Upepo wa bahari huivua selotepu, basi tumia pini nne kwenye pembe. Maneno yasizidi 50. Kwa redio, kadi isomeke kwa nusu dakika.

Hii hapa kadi mbovu: "Leo ni Siku ya Pweza Duniani. Heri ya Siku ya Pweza!" Msomaji ameipita na hakuna alichobaki nacho. Ya tarehe hiyo hiyo, iliyofanyiwa kazi:

"8 OKTOBA. Wapenzi wa viumbe wa baharini wameichagua siku hii kwa pweza, mwenye mikono minane na mioyo mitatu. Baadhi ya vijiji vya Kilwa hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue kabla ya kuvuliwa. Siku kama ya leo mwaka 1985 alizaliwa mwanamuziki Bruno Mars. Je, kijiji chenu kimewahi kufunga mwamba?"

Tarehe ipo juu, siku ina mwenyewe, kitu cha kwetu kipo katikati, jina maarufu lina mwaka, na mwisho kuna swali ambalo mtoto wa mvuvi anaweza kulijibu kuliko mwalimu. Fuata mpangilio huo mpaka mkono uzoee.

Sikukuu za taifa shule hazifunguliwi, kwa hiyo kadi zake zibandikwe siku moja kabla.

Hatua ya saba: wanafunzi wenyewe, na daftari

Acha nafasi chini ya ubao kwa majina ya wanafunzi waliozaliwa leo. Andika jina la kwanza na darasa tu, bila mwaka, baada ya kumuuliza. Asiyetaka asiandikwe.

Mzee akisimama akakwambia umekosea, mwulize ameipata wapi, kahakiki, kisha andika sahihisho na chanzo chake kwenye ukurasa wa tarehe hiyo. Daftari libaki ofisini. Viranja wabebe kadi tu.

Ukurasa wa 29 Februari ujaze mapema. Gioachino Rossini, mtunzi wa muziki wa Italia, alizaliwa tarehe hiyo mwaka 1792, na Mzee Mwinyi alifariki tarehe hiyo mwaka 2024. Utafunguliwa tena 2028. Miaka ya katikati, kadi ya Mzee Mwinyi ibandikwe 8 Mei.